Kambi ya sanaa ya kulala: kuwalinda watoto bila ya muhali

Kila ikikaribia likizo ya Juni au ya Disemba, kuna mtu wa Unguja au Pemba hunipigia simu. Anataka kufungua kambi ya sanaa kwa vijana, walale huko huko wiki moja au mbili, wajifunze taarab, batiki, uchongaji na maigizo. Huniuliza magodoro ya bei nafuu yanapatikana wapi na mpishi alipwe kiasi gani. Hayo huyajibu, lakini mwisho. Mimi huanza na watu: nani atalala karibu na watoto, nani atashika ufunguo, nani atakaa chumba kimoja na mtoto mmoja akimfundisha ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab.

Mimi ni mlezi wa dahalia, yaani bweni. Kambi yetu huwa Pemba, katika skuli ambayo dahalia yake hubaki tupu wanafunzi wakishaenda kwao, na tunapokea watoto wa miaka 11 hadi 17. Wote hao ni watoto. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kijana wa miaka 17 mwenye ndevu na sauti nzito, anayepiga fidla kumshinda mwalimu wake, kambini kwangu bado ni mtoto.

Jambo ninalolishikilia ni moja: kanuni ziandikwe na zisomwe kabla hajafika mtu, na ziwe za kila mtu. Sisi tunajuana mno. Tumeoleana, tumelelewa mtaa mmoja, na anayekwenda kinyume huenda ni mtoto wa shangazi yako au mzee aliyekusomesha chuo cha Kurani. Ukingoja mpaka jambo litokee ndipo useme "usifanye hivi", muhali, ile haya ya kumvunjia mtu wako uso, utakufunga mdomo. Lakini kanuni ikiwa ilishasomwa mbele ya wote, huna haja ya kumtuhumu mtu. Unamkumbusha tu, na yeye hana pa kununia.

Watu wazima kwanza

Kila mtu mzima atakayelala au kuzunguka kambini hupita mlango mmoja: mwalimu wa kupiga udi, mpishi, dereva, mlinzi, msanii mgeni wa siku moja, hata mimi. Tunataka watu wawili wa kumdhamini wasiokuwa ndugu zake, na mmoja wao awe amefanya naye kazi penye watoto. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, tunaitaka, cheti cha polisi cha tabia njema tunakitaka, lakini usitulie kwa sababu ya karatasi. Mambo mengi kwetu yamemalizwa ndani ya nyumba, wazee wakaombana radhi, hayakufika kwenye daftari lolote. Karatasi safi inakwambia hakushitakiwa, basi.

Kwa hiyo piga simu kwa wadhamini mwenyewe, na usiulize "ni mtu mzuri?" Hakuna Mpemba atakayekwambia mwenzake si mzuri. Uliza maswali ya vitendo. Alikuwa anakaa vipi na watoto? Alipenda kuwa nao kundini au mmoja mmoja? Kuna wakati aliambiwa asifanye jambo, akalipokeaje? Mwisho uliza: wewe ungemwachia binti yako alale kambi anayosimamia huyu? Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Mtu akivuta pumzi ndefu hapo, akaanza "unajua, mimi siwezi kusema…", mimi hushukuru, nikatafuta mtu mwengine. Hailazimu nijue kisa kizima.

Baadaye tunakaa kikao kimoja na watu wazima wote, tunasoma kanuni kwa sauti, kila mmoja anatia saini. Kikao hicho ni cha lazima hata kwa wazee wakubwa wa fani. Najua inavyotia haya kumkalisha maalim aliyepiga fidla tangu hujazaliwa ukamsomea namna ya kukaa na watoto. Mimi husema hivi: "Maalim, kambini kwetu mlango wa chumba cha mazoezi haufungwi. Mimi sifungi, mkuu wa kambi hafungi, na wewe tunakuomba usifunge." Sijawahi kuona mzee mwenye nia njema akakasirika kwa kuambiwa hivyo. Wengi hufurahi, kwa sababu kanuni hiyo inamlinda na yeye asije akasingiziwa.

Idadi ya walezi usiipange kwa siku ya kawaida, ipange kwa usiku mbaya. Tuseme una wasichana 20 na walezi wawili. Saa 7 za usiku mtoto mmoja anabanwa na pumu, inabidi apelekwe hospitali. Mtoto hapandi gari na mtu mzima mmoja peke yake, kwa hiyo mlezi mmoja anafuatana naye na dereva. Amebaki mlezi mmoja na watoto 19. Ndiyo sababu mimi nataka wanawake watatu kwa dahalia ya wasichana hata kama wawili wangetosha kwa kuhesabu vichwa, na wanaume watatu upande wa wavulana.

Mafunzo yanayohitaji ukaribu

Kambi ya sanaa si kama kambi ya mpira. Ganuni huifundishi kwa mbali. Mwalimu anakaa ubavuni, anamwekea mtoto pete za vidole, anamwelekeza mkono. Udi hukumbatiwa, na anayefunza huinama juu ya bega la mwanafunzi. Kwenye ngoma ndiyo zaidi, kuna kiuno, kuna mabega, kuna nyayo. Humo humo ndimo mtu mwenye nia mbaya hujificha, na humo humo ndimo mtoto hushindwa kujua kama hili ni somo au si somo.

Tunafanya hivi. Somo la ala ni la watoto wawili kwa wakati, mmoja anapiga na mwengine anasikiliza, tena linafanyika barazani au chumba ambacho mlango na dirisha viko wazi. Mwalimu huonyesha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Ikibidi kugusa, anasema kabla: "Nikushike kidole hiki nikiweke kwenye uzi?" Mtoto akisema hapana, au akiuvuta mkono bila ya kusema, basi, haulizwi sababu. Kwenye ngoma anayemrekebisha msichana ni mwanamke, na mara nyingi hata yeye hahitaji kugusa. Mchezaji mzuri anaweza kusimama mbele yako akakuonyesha kwa mwili wake mwenyewe.

Siku ya onyesho ndiyo siku ya fujo, na ndiyo siku ya kuangaliwa zaidi. Vyumba vya kuvalia viwe viwili, vya mbali, kila kimoja na walezi wawili wa jinsia hiyo. Simu haiingii chumba cha kuvalia, iwe ya mtoto au ya mtu mzima. Chumba kikikosekana, tunapachika khanga kwenye kamba, na mlezi anasimama nje ya khanga.

Watoto wafundishwe kanuni hizi kama walivyofundishwa watu wazima. Jioni ya kwanza, kabla ya chakula, tunawaambia mwalimu anaruhusiwa nini na haruhusiwi nini. Mtoto anayejua kwamba mlango haufungwi ataona mara moja mlango ukifungwa. Tunawatajia pia watu wawili wa kuwaendea, mwanamke na mwanamme, na nambari 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo haina malipo. Nambari hiyo tunaibandika ndani ya mlango wa choo, ambapo mtu anaweza kuisoma bila ya kuonekana anaisoma.

Kila siku baada ya Alasiri kila mtoto anapiga simu kwao, na hakai mtu kumsikiliza. Kuna kambi huzuia simu kwa wiki nzima eti mtoto asiwe na hamu ya nyumbani. Siliafiki hilo hata kidogo. Mtoto asiyeweza kumfikia mama yake yuko mikononi mwenu kwa kila kitu, na anajua hivyo.

Usiku

Wasichana na wavulana majengo mbalimbali, hilo kwetu halina mjadala. Linalosahauliwa ni watoto kwa watoto. Usimlaze wa miaka 11 kitanda cha pembeni na wa miaka 17, weka marika pamoja. Kitanda kimoja mtu mmoja, hata kama ni ndugu, hata kama nyumbani wamezoea kulala mkeka mmoja. Uonevu, kutishana, na mengine mabaya zaidi hufanyika baada ya taa kuzimwa, na wengi wanaofanya ni watoto wenyewe kwa wenyewe. Walezi walale chumba cha mlangoni, si katikati ya watoto, na anayeingia kukagua aingie na mwenzake.

Tunahesabu baada ya Isha, tunahesabu taa zikizimwa, tunahesabu kabla ya Alfajiri. Kwa majina, si kwa vichwa. Vichwa vinaweza kutimia na bado akakosekana mtu, akawa ameingia mgeni asiyekuwa wenu.

Choo kikiwa nje, njia iwe na taa, na watoto waende wawili wawili. Pedi ziwekwe kwenye kapu ndani ya choo cha wasichana, achukue anayehitaji. Usimlazimishe mtoto kuja kuomba.

Sasa kuhusu makufuli. Dahalia nyingi zina mlango wa chuma na nondo madirishani, na mlinzi mwema wa zamani hupenda kufunga kufuli kwa nje usiku ili wezi wasiingie. Kataa. Mwezi Septemba 2020, kule Kagera, watoto 10 walikufa kwenye moto wa bweni la skuli. Mlango wa dahalia ufungwe kwa komeo la ndani, lisilohitaji ufunguo, linalofika mkono wa mtoto mfupi kuliko wote. Jioni ya kwanza, tukiwa bado na mwanga, tunapiga filimbi na wote wanatoka mpaka chini ya mwembe, tunaita majina, kisha tunarudia taa zikiwa zimezimwa. Dawa ya mbu ya kuchoma haiwashwi penye vyandarua. Simu zote huchajiwa mahala pamoja, ofisini, si kitandani chini ya mto.

Rangi, nta na patasi

Batiki ina mambo mawili yanayounguza, nta na kostiki soda. Nta tunaiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, isikae juu ya moto wenyewe. Ikishika moto usimwagie maji, itaruka na moto wake. Funika kwa mfuniko, ondoa jiko. Mfuniko uwe pale pale, sio jikoni kwa mpishi. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Maji hayatiwi juu ya soda, kwani itachemka na kurusha. Anayeitia ni mtu mzima mwenye glavu na miwani. Ile poda ya haidrosi inayochanganywa na rangi ibaki kavu, kopo lifungwe, kazi ifanyike nje penye upepo, na mtoto mwenye pumu akae upande unakotoka upepo au afanye kazi ya kuchora ruwaza.

Wasichana wachomeke ncha za shungi ndani ya nguo kabla ya kusogea jiko. Mtoto akiungua, mkono uwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta, hakuna unga. Kisha kituo cha afya.

Piko tumepiga marufuku. Watoto wanaipenda kwa sababu wameiona mikononi mwa maharusi, lakini piko ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na ngozi ya mtoto inaweza kutoka malengelenge na kubaki na mzio miaka yote. Wapakane hina ya majani, wachore wapendavyo.

Patasi na tezo zinahesabiwa asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo, fundi mchongaji anajua kuliko mimi.

Bahari na boti

Watoto wa Unguja wanaokuja kwetu huteremka bandari ya Mkoani, Pemba. Tunachukua boti ya mchana, orodha ya majina ni ile ile iliyo kwenye tiketi, na kuna mlezi mmoja kwa kila kundi dogo tangu bandarini Malindi, Unguja mjini. Kila mtu wa visiwa hivi anaijua tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikija Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mkuu wa msafara awe na idhini ya kusema "hatupandi", na awe na fedha za kuwalaza watoto mjini usiku huo. Asiye na fedha za kulala atapanda tu.

Tunapenda kuwapeleka Vumawimbi kuchora, kupitia msitu wa Ngezi. Usidhani mtoto wa pwani anajua kuogelea. Wasichana wengi hawakufunzwa, na wengine wataona haya kukwambia. Angalia mwezi kabla ya kupanga siku: mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji ni ya bamvu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na bahari inarudi kwa haraka kuwakuta watoto waliofuata mwamba mbali. Maji huchukua kama saa sita kupwa na kama saa sita kujaa; tufike yakiwa yanakupwa, tuondoke kabla hayajageuka. Mtu mzima mmoja hachori, hapigi picha, hapokei simu. Kazi yake ni kutazama maji na watoto.

Picha, kwa ufupi: hakuna picha ya mtoto yenye jina lake, skuli yake na mahala tulipo kabla kambi haijamalizika. Mzazi akubali kwa maandishi, na mtoto naye akiulizwa aweze kukataa. Mwalimu hamwandikii mtoto kwenye WhatsApp peke yake, si wakati wa kambi, si baada yake. Mawasiliano yote ni kundi la wazazi.

Fomu ya afya iulize pumu, kifafa, siko seli (ugonjwa wa selimundu) na mzio wa kamba, ngisi au pweza, kwani mpishi wa Pemba hawezi kukaa siku tatu bila ya kupika kimoja kati ya hivyo. Mtoto wa siko seli anahitaji maji mengi, mapumziko katikati ya mazoezi, na blanketi usiku wa kipupwe, maana baridi na kiu humwamshia maumivu. Maji ya kunywa yachemshwe.

Mtoto akikwambia

Keti chini, uwe sawa naye. Msikilize mpaka amalize kwa maneno yake. Usimwambie "una hakika?" wala "fulani hawezi". Usimwekee maneno mdomoni: badala ya "alikushika hapa?", sema "kisha ikawaje?" Akikuomba usimwambie mtu, usikubali ahadi usiyoweza kuitimiza, mwambie utawaambia wale tu watakaomsaidia, na umtajie ni nani. Mwambie amefanya vizuri kusema. Kisha andika alivyosema, neno kwa neno, na saa. Asirudishwe kusimulia kwa mkuu, kisha kwa sheha, kisha kwa mjomba. Kila kusimulia ni kuumia upya, na maneno hubadilika.

Aliyetajwa anaondolewa penye watoto saa ile ile. Hilo si hukumu, ni kanuni aliyoitia saini. Usiende wewe kumhoji, wala usimwite mtoto akabiliane naye.

Kama ni udhalilishaji wa kingono, mtoto asioge wala asibadilishe nguo kabla ya kufika hospitali. Akishabadilisha, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahala pamoja. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake, kwa hiyo hakuna kungoja kuche, hakuna kungoja baba arudi kutoka Tanga. Mzazi anapigiwa simu, isipokuwa kama anayetajwa ni wa nyumba hiyo hiyo. Hapo anza na 116 au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Watakuja watu. Watakuja kwa heshima kabisa, wamevaa kanzu, watakwambia fikiria jina la kambi, fikiria mustakabali wa binti, tulimalize wenyewe. Wengine watakuwa ndugu zako. Wajibu kwa adabu kwamba jambo limeshafika lilipotakiwa kufika na halimo tena mikononi mwako. Ndiyo maana napiga simu mapema, kabla hawajafika.

Siku ya mwisho mtoto anaondoka na yule aliyeandikwa kwenye fomu tu. Akija ami yake asiyeandikwa, akae barazani anywe kahawa wakati tunampigia mama. Wiki inayofuata tunampigia kila mzazi, tunaongea na mtoto pia: ulilala vizuri, nani hukupenda kukaa naye, ungerudi? Kuna watoto ambao hawasemi kitu mpaka wamefika kwao, kwa hiyo tenga mtu na salio kwa ajili ya simu hizo tangu unapopanga bajeti ya magodoro.